Nanga ya Muhamadi

Mvua ilipiga ziwa kwa ubavu tangu asubuhi. Muhamadi alikomba maji mtumbwini kwa kopo la rangi, jicho likitafuta nchi kavu. Babu yake alizama hapa na meli ya wakoloni, yeye na askari wenzake wa Kinubi, na kila mwaka ukoo ulikuja kusoma dua juu ya maji. Hivyo ndivyo alama za mahali zilivyotunzwa.

Zilikuwa mbili, za kulinganishwa kwa jicho kutoka majini. Mnara wa msikiti ukae juu ya jabali jeupe; hiyo aliipata. Halafu mvule wa ufukweni ukae chini ya mlingoti wa kilima cha Mbuya. Mvule haukuwepo. Kampuni iliyouziwa ufukwe iliuangusha Alhamisi, mbao zake zikawa uzio.

Mbele yake mtumbwini, Madamu Rosalba wa ofisi ya mambo ya kale aliikumbatia mashine yake ya kupiga picha chini ya maji, ndani ya nailoni. Meli ikionekana, ofisi ilisema, hapa ni kaburi na nyumba za ukoo ufukweni hazitaguswa. Isipoonekana, zinavunjwa Jumatatu. Alipewa siku moja tu, na mawimbi yaliitibua picha kama uji jikoni.

“Mzee, mti ulikuwa wapi hasa?”

“Kulia kwa choo cha Hasifa wangu. Na choo wamekivunja.”

Muhamadi akakisia, akatupa nanga. Upepo uliwasukuma, mara kamba ikakakamaa, omo, pua ya mtumbwi, ikainama. Alivuta huku, akavuta kule. Mtetemo wa chuma ukapanda na kamba mpaka kwenye meno yake.

“Ndiyo hii, Madamu. Shika usikie.”

Madamu aliigusa kwa vidole viwili. “Hata jiwe hunasa nanga, mzee.”

“Jiwe halilii hivi.”

“Fomu haina mahali pa kuandika kilio. Inataka picha.”

Wimbi likaingia. Madamu akamwambia akate kamba. Muhamadi akaomba kesho. Kesho haikuwemo katika barua ya ofisi. Wimbi la pili likawafika magotini, naye Muhamadi akakata kwa kisu cha samaki.

Ufukweni, wakijikinga penye uzio wa mvule, Madamu akamsomea fomu: hakuna kilichoonekana. Muhamadi akabonyeza kidole gumba penye sahihi. Uongo haukuwemo; kuonekana, hakikuonekana.

Hasifa alikwisha kutoa nje godoro na sufuria. Aliichukua kamba mkononi mwa mumewe, akaipima kwa mikono.

“Hii ilikuwa ndefu.”

“Iliyobaki iko kwa babu.”

Akapiga goti matopeni, akaanza kulifunga godoro kwa kamba hiyo.