Samaki wa Kaveke, Kando ya Ukuta

Jumanne moja, saa tano asubuhi, Kaveke alikuwa akikausha minofu ya samaki kwa kitambaa safi, kipande kimoja kimoja, kama mtu anayempangusa mtoto baada ya kumwogesha. Samaki mwenye maji hakaangiki, huchemka tu. Hilo alikuwa amefundishwa mtaani Ngoingwa, katika nyumba ya nesi mstaafu aliyeishi Marekani miaka mingi, ambaye Kaveke alimpikia kwa miaka kumi na mmoja. Nesi alisema huko samaki wa hivi huliwa na mahindi yaliyovunjwavunjwa, yakapikwa polepole mpaka yakawa kama uji mzito. Kaveke aliyaonja mahindi ya pakiti yaliyotoka ng'ambo, akaona hayana ladha. Akapeleka muthokoi kwenye kinu, yale mahindi yaliyokobolewa ambayo Wakamba wamekula tangu zamani, akamwambia mwenye kinu ayavunje tu, asiyasage. Nesi alikula sahani mbili na hakuagiza pakiti tena.

Nesi alipofariki, Kaveke alichukua kikaango cha chuma alichoachiwa, akafungua kibanda mtaani Kimbo, kando ya ukuta mrefu wa mawe. Hapakuwa mahali pa biashara nyingi, lakini ndani ya ukuta ule kulikuwa na ploti yake. Alikuwa ameinunua kwa akiba yake yote kutoka kwa mtu anayeitwa Kagwe, aliyemtembeza humo siku moja kabla ukuta haujajengwa, akamwonyesha mwavokado na kumwambia mti ni wa bure. Hati ingetoka karibuni. Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Mlinzi wa geti hakumruhusu mtu kuingia bila hati, kwa usalama wa wenye ploti wenyewe.

Jumanne hiyo Kaveke alilaza minofu kwenye mafuta moto, ngozi chini, akaikandamiza kidogo kwa mwiko, kisha akaiacha bila kuigusa mpaka kingo zikawa kahawia. Mchuzi wa pilipili ulikuwa mpya: hoho nyekundu zilizochomwa juu ya makaa, kitunguu saumu, ndimu, na pilipili mbuzi saba alizoletewa na binti yake Mbula kutoka Kithimani. Yeye mwenyewe hakuuonja. Alikuwa na vidonda vya tumbo, na pilipili aliipima kwa pua.

Ndegwa, fundi wa mabomba, ndiye aliyekula kwanza. Alipofika nusu ya sahani aliondoka kwenye benchi, akapanda hewani kiasi cha futi mbili, miguu ikining'inia. Aliendelea kula.

"Mama Mbula," alisema, "hii pilipili iko sawa kabisa."

"Nikuongezee muthokoi?"

"Ongeza. Na hiyo sosi pia."

Kaveke alinyoosha mkono akamwongezea.

Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulikuwa umeshajua. Kijiko kimoja cha sosi kilimfikisha mtu usawa wa paa. Viwili vilimfikisha kwenye nyaya za stima, ambako Kaveke hakutaka mtu aende. Ilidumu dakika ishirini hivi, kisha mtu akashuka taratibu kama unyoya, mara nyingi akiomba chai. Kaveke alinunua kamba za mpira, zile za kufungia mizigo kwenye bodaboda, akawa anawafunga wateja kiunoni kabla ya kupakua. Wanawake walikuja na pini za kubania sketi. Fundi viatu wa pale kona, ambaye hakuwa amecheka tangu mkewe ahame, alicheka huko juu mpaka kofia ikamdondoka ikaingia kwenye sufuria ya muthokoi, na Kaveke akaiopoa kwa upawa akaianika. Jumamosi ilikuja kwaya ya kanisa. Besi walikula kuliko wengine, kwa hivyo siku hiyo wao ndio waliokuwa sauti ya juu.

Afisa wa kaunti naye alifika kuangalia leseni. Aliisoma mara mbili, akasema inahusu wateja walioketi chini. Akapitisha kidole kwenye orodha yake akitafuta wateja waliopanda, hakuwapata, akawaandika kama mabango. Kisha akaketi, akafungwa kamba, akaagiza samaki.

Kaveke hakuwahi kuona watu wakifurahi hivyo kwa chakula chake. Alikaanga huku akiimba. Kila mara alipoinua macho aliona soli za viatu zikichezacheza angani, na vicheko vikimshukia kama manyunyu.

Jumatatu iliyofuata, Ndegwa alikuwa juu pamoja na Idah, mwalimu wa chekechea. Walikuwa wamepita urefu wa ukuta.

"Si ile ni ploti yangu," Ndegwa alisema, akielekeza uma. "Nilikuwa nimesahau vile iko poa."

"Ni gani?" Idah aliuliza.

"Ile ya mwavokado."

"Hiyo ni yangu."

"Mwalimu, hiyo nililipa mimi. Kagwe alinipea na mti wa bure."

"Hata mimi mti ulikuwa wa bure."

Wakatafuna, wote wakiuangalia mti. Chini, Kaveke alikuwa ameshika mfuniko wa sufuria, akasahau kuufunika.

"Mwalimu," aliita, "na hizo ploti zingine ziko aje?"

Idah alichungulia vizuri, mkono ukiwa umeshika sketi. "Hakuna zingine, Mama Mbula. Kwingine kote ni kwari ya zamani, shimo la kuchimbia mawe. Imejaa maji. Kuna bata."

Kufikia Jumatano watu kumi na mmoja walikuwa wamepanda na kuitambua ploti yao, na ilikuwa ileile. Kaveke aliwahudumia wote. Jioni, kabla jua halijatua, alijipakulia mnofu mmoja na muthokoi kidogo, akamimina vijiko viwili vya sosi. Alijifunga kamba mwenyewe, akala bila haraka. Tumbo liliuma kama alivyotarajia, kisha benchi likamwachia.

Alikuwa na miaka hamsini na minne na hakuwa amewahi kuwa mwepesi. Moyo ulimruka kama wa msichana. Aliona barabara kuu ikienda Thika, mashamba ya kahawa, na mbali mashariki mlima Kilimambogo, na nyuma ya mlima huo ukungu wa kwao. Akaangalia chini. Mwavokado ulikuwa umekua. Kando yake alisimama Kagwe, pamoja na bwana na bibi waliovaa nguo za kanisani. Bibi alikuwa akihesabu hatua kwenye nyasi: hapa sebule, hapa jiko. Kaveke alizihesabu hatua hizo pamoja naye, kwa sababu zilikuwa zilezile alizozipima yeye. Alitaka kulia, lakini kicheko ndicho kilichokuwa karibu.

"Kagwe!" aliita.

Kagwe aliinua uso, akakinga jua kwa mkono. "Mama Mbula. Habari ya huko juu?"

"Nzuri. Hiyo ploti ni ya nani?"

"Kuja ofisini tuongee, mama. Usiongee ukiwa umepanda, utaumwa na shingo."

Bwana na bibi walimpungia Kaveke mkono kwa heshima. Kaveke aliwaita akiwaambia wasilipe, lakini upepo ulikuwa ukielekea Thika, na maneno yake yakaenda nao.

Asubuhi yake wote kumi na wawili walikwenda polisi. Askari wa zamu alifungua kitabu.

"Mlikuwa wapi mkiona hayo mambo?"

"Juu," alisema Idah.

"Juu ya nini?"

"Juu tu."

Askari aliandika. Akawaeleza kwamba afisa wa ardhi atakuja kukagua, akipitia getini kama inavyotakiwa. Afisa alikuja baada ya wiki mbili. Mlinzi akamwomba hati, na kwa kuwa hakuna hati iliyokuwa imetoka, afisa akarudi alikotoka.

Kagwe mwenyewe alikuja kibandani siku ya soko, akaagiza samaki. Watu wote waliacha kula. Kila mmoja aliamini pilipili ingemjua mtu mbaya, kwamba Kagwe angebaki kwenye benchi mzito kama jiwe la kusagia. Kaveke alimwekea vijiko vitatu kwa mkono wake mwenyewe, akarudi nyuma akangoja.

Kagwe alipanda kuliko mtu yeyote aliyewahi kupanda. Alizunguka huko juu akicheka kama mtoto kwenye bembea, tai ikimpepea usoni. Pilipili haikuwa imeuliza nani amefanya nini. Aliposhuka alifuta machozi ya furaha, akasema angependa kuwaleta wateja wake hapa, waione ploti vizuri kutoka juu.

"Umemaliza sahani yako, Kagwe," Kaveke alimwambia. "Nenda."

Alikwenda bila kinyongo. Wiki hiyo mafundi wakauongeza ukuta matabaka matatu. Bwana na bibi wa kanisani wakaja kibandani na stakabadhi yao, wakawa wa kumi na tatu.

Kaveke alirefusha kamba. Siku hizi, kila Jumamosi, wateja wakishapungua, wenye ploti hula pamoja, kisha huvuka ukuta wakiwa wameshikana mikono, na mlinzi huwaangalia tu, kwa maana kazi yake ni geti. Hewani nafasi si kubwa: futi hamsini kwa mia, kwa nyumba kumi na tatu. Mwanzoni waligombana kidogo. Ndegwa akapitisha mabomba yake kwa kidole, akieleza maji yataingilia wapi, wakamwachia njia.

Kaveke alichagua kona ya mashariki, akapima hatua zake tena, safari hii bila kukanyaga kitu.

"Hapa ndio jiko langu," alisema.

"Hapo ni chumba changu cha kulala," Idah alisema.

Chini yao, Kagwe alikuwa akimfungulia mtu mwingine geti.

"Basi tufanye aje, mwalimu?"

Idah alisogeza miguu kidogo kumpa nafasi. "Weka tu, Mama Mbula. Lakini usikaange mapema sana. Jumapili huwa nachelewa kuamka."