Umbea wa Macho Kufumba

Kazini walimwita Sindano, na si kwa sababu tu alikuwa nesi wa wodi ya watoto. Ulimi wake ulichoma kabla mkono haujafika. Hata hivyo, kanisani kwao walipotafuta mtu wa kwenda ng'ambo kujitolea kulea watoto katika kambi ya Kikristo ya likizo ya kiangazi, yeye ndiye aliyepita. Wengine wote walitaka kwenda kupiga picha. Shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga, aliitangaza safari hiyo mtaa mzima, mpaka fundi viatu akawa anauliza ndege inaruka saa ngapi.

Kambi ilikuwa vijumba vya mbao chini ya miti, bwawa la kuogelea, na ukumbi wenye vipaza sauti vya kutosha kuhutubia taifa. Kila mlezi alilala kijumba kimoja na watoto wake. Mkuu wao, Baba Kambi, alikuwa mzee wa kaptula na filimbi shingoni, mwenye tabasamu lisilokwenda likizo. Kila asubuhi aliwakusanya walezi katika stoo ya maboya, na kila mmoja alitakiwa kuleta "hitaji" la mtoto wake ili liombewe.

Siku ya kwanza Sindano alidhani wataombea mafua. Masikini, alikuwa mgeni! Aliyeanza ni mlezi wa kijumba cha jirani, dada mmoja wa magauni meupe ambaye wenzake walimwita Malaika.

"Tumkumbuke yule mrefu wa kwangu," alisema kwa sauti ya kubembeleza. "Baba yake ana mwanamke mwingine. Ni yule katibu wake."

"Mmh, Bwana," wakaitikia wenzake, macho wameyafumba, masikio wameyasimamisha.

Kabla ya chakula cha mchana, mpishi alikuwa anajua mpaka rangi ya gari la katibu. Sindano alichefuka. Kwao umbea ulikuwepo, tena wa kutosha, lakini ulikuwa na heshima zake: mtu anakuvuta pembeni, anakwambia usimwambie mtu, na wote wawili mnajua mnatenda dhambi. Wa hapa ulitiwa amina mwishoni ukahesabika kuwa ibada.

Sasa, katika kijumba cha pili, alicholala Sindano, kulikuwa na binti mmoja mwembamba aliyemfuata kila aendako. Akamwita Kifaranga. Alfajiri moja alimkuta Kifaranga ameketi kitandani, amekumbatia mto, shuka limelowa chini yake, anawaangalia wenzake waliolala kana kwamba wakiamka watamla.

"Dada, usimwambie mtu," alinong'ona.

"Nimwambie nani? Siri ya mtungi aijuaye kata. Inuka."

Ikawa ndio utaratibu wao. Kila kukipambazuka, Sindano alibadilisha shuka, akalifua, akalianika nyuma ya bafu. Wodini alikuwa amefua mabaya zaidi ya hayo. Kifaranga akaanza kula vizuri, akaanza hata kuimba, kwa sauti mbaya lakini ya furaha.

Malaika, ambaye macho yake yalifumbwa stoo tu, aliliona shuka.

"Tukikumbuke kijumba cha pili," alisema asubuhi ya siku ya mwisho. "Kuna mtu analowesha kitanda."

Baba Kambi akamgeukia Sindano. "Ni nani, dada?"

"Shuka ni shuka, Baba Kambi. Linafuliwa, linaanikwa."

"Hapa hatufichani. Kinachofichwa kinakua."

"Na kidonda kikichokonolewa kinaoza."

Baba Kambi akatabasamu kwa masikitiko, akasema dada yetu bado hana mzigo wa kuziombea roho za watoto. Sindano alitamani kumpiga kwa boya.

Jioni, kwenye ibada ya kufunga kambi, ukumbi ulijaa watoto waliooga wakachanwa nywele. Malaika alikuwa mbele akirekodi kwa simu, ili wafadhili na makanisa yaliyotuma walezi yaone matunda. Baba Kambi alihubiri mpaka shati likamganda mgongoni. Kisha akaweka mkono kwenye paji la uso.

"Naonyeshwa kitu," alisema.

Alionyeshwa! Alionyeshwa kile alichosimuliwa asubuhi kati ya maboya.

"Kuna mtu wa kijumba cha pili. Adui anamwaibisha usiku, kitandani mwake, analowa kama mtoto mchanga. Aje mbele apone. Hatusemi amina mpaka aje."

Vichwa vya ukumbi mzima viligeukia benchi la kijumba cha pili. Mabinti wa benchi hilo nao wakaanza kukaguana. Kifaranga alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, uso umemwisha damu. Sindano aliona magoti yake yanaanza kunyooka. Mtoto mtiifu yule! Ameambiwa aje, basi anakwenda kujichinja.

Sindano alimbonyeza begani, akamkalisha. Akainuka yeye.

"Ni mimi," alisema.

Tabasamu la Baba Kambi likaenda likizo. Hakuwa mjinga, alijua anachezewa. Lakini kipaza sauti kilikuwa wazi na simu ya Malaika inarekodi.

"Wewe, dada?"

"Mimi. Tangu utotoni. Niombee upesi, chai inapoa."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Kifaranga alicheka kuliko wote, mkono mdomoni, machozi yakimtiririka. Baba Kambi alimwekea Sindano mikono, akakemea, akamsukuma paji la uso ili aanguke. Hakuanguka.

Alirudi nyumbani amechoka lakini moyo mweupe. Shangazi alimpokea mlangoni kwa kilio.

"Mwanangu! Mchungaji ametuonyesha ile video ya kambi Jumapili, ukutani, kanisa zima! Miaka yote umelala nyumbani mwangu, nisijue? Na mimi nikimfukuza paka wa watu bure, nikidhani harufu ni yake!"

Alimshika mkono akampeleka chumbani. Godoro lilikuwa limevishwa nailoni nene, mpya, imechomekwa pembe zote kwa upendo mkubwa. Sindano aliitazama, hasira ikampanda. Neno moja tu lingemsafisha mbele ya shangazi, mchungaji, wanakwaya wote na yule mwalimu wa shule ya Jumapili ambaye, kabla ya safari, alikuwa ameanza kumsalimia kwa kuchelewa kuuachia mkono wake. Lakini alikuwa amemwahidi mtoto kwamba hatamwambia mtu, na shangazi, pamoja na mapenzi yake yote, ni mtu.

"Nimeshapona, shangazi," alisema, akapanda kitandani, nailoni ikalia chini yake.