Somo la Tisa

Nakala ya ishirini na sita ilitoka safi, ya ishirini na saba nayo ikatoka safi, na mjalidi akajikuta anaiombea mashine ikwame.

Kwa miaka mitatu alikuwa akijalidi vitabu katika duka la fotokopi lililotazamana na lango la chuo. Kila muhula mwalimu wa kompyuta alileta masomo aliyoyaandika mwenyewe, ya kuwafundisha vijana kutengeneza programu za kutunza kumbukumbu, na kila muhula mashine ilitafuna kurasa kadhaa. Zilizotafunwa zilikuwa za pipani. Mjalidi alizinyoosha kwa kiganja, akaenda nazo nyumbani. Hivyo ndivyo alivyopata somo la kwanza, la nne, nusu ya la sita. Alizisoma mpaka maneno yakaanza kumfuata usingizini. Aliota majedwali kama nyumba ndefu zenye vyumba vingi, kila chumba na mtu wake, naye akipita ukumbini pekupeku, akiwaita mmoja mmoja, nao wakiitika.

Lakini somo la tisa lilimkimbia. Lilifundisha namna ya kuunganisha jedwali moja na jingine, na mashine haikuwahi kulitafuna.

Alilihitaji kwa ajili ya mdogo wake, muuguzi wa kliniki ya watoto. Kliniki ilikuwa na daftari la akina mama na daftari la chanjo, kila moja na rafu yake. Miezi michache nyuma, mtoto mmoja aliletwa na surua iliyomwacha haoni vizuri. Dozi ya pili ilikuwa imempita, na hakuna aliyejua.

"Dada, jina lake lilikuwepo," muuguzi alisema jioni ile, hata viatu hajavua. "Nimelikuta. Limekaa tu pale."

Tangu hapo, kila Jumamosi mjalidi aliketi mbele ya kompyuta ya kliniki akihamisha madaftari. Majedwali mawili alishayajaza. Yalikaa kimya kama majirani waliogombana.

Sasa somo lilikuwa mkononi mwake, bado lina joto la mashine. Angeisogeza karatasi kidogo tu, iingie upande, ukurasa ungekuwa wake. Mkono ulikwenda, ukasimama juu ya trei. Hakuwahi kuharibu kazi ya mtu kwa makusudi. Akavuta kigoda, akaketi, akasoma. Feni ilizunguka. Nje ya kioo watu walipita polepole, kama wanaotembea chini ya maji. Hakusikia mlango.

"Mama, si tulisema saa nane?" Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya meza, akitazama rundo ambalo halijajalidiwa.

"Tulisema, mwalimu. Nisamehe. Nilikuwa nasoma."

"Unasoma hii?"

"Nina majedwali mawili hayaongei."

Mwalimu aliweka mkoba chini. "Ya nini?"

"Moja la akina mama, moja la watoto na chanjo zao. Nimeweka jina la mama kote kote. Nilidhani litatosha."

"Kuna majina yanayofanana?"

"Jina moja lina akina mama tisa."

"Basi kompyuta itampa mtoto mmoja mama tisa."

"Atashiba huyo," alisema mjalidi, na mwalimu akacheka, hasira ikamwisha.

"Mpe kila mama namba yake," akasema. "Namba hiyo hiyo iandike kwa mtoto. Halafu ukurasa huu utakutii."

"Hautanitii, mwalimu. Hapa, mstari wa tano, umetaja jedwali la kwanza mara mbili. La pili hulitaji popote."

Mwalimu aliinama. Alifuata mstari kwa kidole.

"Miaka mitatu," akasema, "na hakuna mwanafunzi aliyeniambia."

Walisahihisha nakala zote arobaini kwa penseli, bega kwa bega, wanafunzi wakizidi kujaa mlangoni. Alipoondoka, mwalimu aliacha moja juu ya meza.

Jumamosi tatu ziliishia kwenye namba. Ya nne, asubuhi, mjalidi aliandika sentensi ya somo la tisa herufi kwa herufi, akabonyeza. Kioo cha kompyuta kilitulia. Kisha majina yakashuka, mtoto pamoja na mama yake, umri, simu. Kumi na saba, wote waliopitwa na dozi ya pili.

Muuguzi alikuwa amesimama nyuma yake, mkono begani, na mkono ule ukazidi kuwa mzito.

"Huyu nimemzalisha mama yake mimi," akanong'ona.

Alitoa simu, akapiga namba ya kwanza, akaweka sauti juu. Iliita sana. Mwishowe ikapokelewa, lakini hakuna aliyesema. Ilisikika pumzi tu, ndogo, ya karibu mno, kama ya mtu aliyebandika mdomo kwenye simu.

"Mama yupo?" muuguzi aliuliza taratibu.

Pumzi ikasita. Halafu simu ikawekwa chini bila kukatwa, na nyayo ndogo zikasikika zikikimbia sakafuni, zikienda mbali, ndani ya nyumba.