Jumapili za Cleveland

Baudouin alikuwa kiguu na njia. Tangu aingie Durban, mwaka mmoja na nusu tu, alikuwa amelala vyumba vinne: viwili Umbilo, kimoja Jacobs kwenye moshi wa viwanda, na sasa hiki cha Glenwood, ambacho nacho alikwisha kukichoka. Godoro lilikuwa limeviringishwa na kufungwa kamba, likisubiri Jumamosi. Ukimwuliza anahama kwa nini, atakwambia jirani ana kelele, au choo kiko mbali. Uongo mtupu. Kilichomhamisha ni roho yake, iliyokataa kutulia tangu barua za Huguette zikatike.

Huguette ni mkewe. Vita viliwatenganisha Uvira mwaka tisini na sita. Mke akaangukia kambi ya wakimbizi Kigoma, na kutoka huko akapelekwa Marekani, mji wa Cleveland. Mume akashuka kusini, nchi baada ya nchi, mpaka bahari ikamzuia. Barua mbili zilimfikia, kisha kikaja kimya cha miezi minane. Sasa, Juni 1998, ofisi ya kuhamisha wakimbizi ilikuwa imemwita kwenye usaili. Akiaminiwa kuwa ni mume kweli, atamfuata mkewe. Asipoaminiwa, faili linafungwa.

Katika saluni ya Joséphine, barabara ya Umbilo, kila Mkongo aliyewahi kusailiwa ni profesa. Walimsikiliza Baudouin, wakatikisa vichwa, wakasema hadithi yake haina chumvi. Lazima aonyeshe kwamba anaujua mji wa mkewe kama kiganja chake, la sivyo wazungu watadhani mke amemwokota tu kwenye orodha ya majina ya wakimbizi.

Basi akamwendea Mildred, mwanafunzi Mkenya wa chumba cha pili, amtafutie kitabu cha Cleveland chuoni. Mildred alirudi na kimoja tu: historia ya timu ya mji huo, Cleveland Browns, ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi na kugongana vichwa ndani ya helmeti.

Juma zima alimfasiria. Timu ilianza kucheza mwaka 1946, ikaitwa kwa jina la kocha wake wa kwanza. Miaka kumi ya mwanzo ilifika fainali kila mwaka, ikashinda saba. Helmeti zake ni za rangi ya machungwa, hazina nembo. Mwaka 1964 iliwachapa Baltimore ishirini na saba kwa sifuri, na tangu siku hiyo haikuonja tena ubingwa, lakini watu waliendelea kuujaza uwanja hata theluji ikianguka. Hapo Baudouin alimwomba arudie. Watu wa kusubiri miaka thelathini, alisema, anawaelewa.

Angeishia hapo, ningemsifu. Lakini mtu aliyeonjeshwa chumvi hajui kipimo. Kwenye maelezo yake aliandika kwamba kila Jumapili ya msimu Huguette huenda uwanjani na wenyeji wake, hurudi sauti imemkauka, na humwandikia mumewe nani kashinda. Mildred alimwuliza kama kweli aliandikiwa hayo. Akajibu kwamba kama Huguette angeandika, angeandika hayo. Hakuna hata mmoja wao aliyetazama mwaka wa kuchapwa kwa kitabu, nao ulikuwa 1994.

Msaili alikuwa mama Mmarekani mwenye mvi, aliyewahi kufundisha hesabu Iringa na Kiswahili chake bado kilikuwa imara. Alisoma maelezo taratibu. Alipofika kwenye Jumapili, akavua miwani.

"Nani amekuambia habari hizi?"

"Bibi yangu Huguette, Madame. Anaandika mu barua."

"Mimi nimezaliwa Cleveland," alisema yule mama. "Timu haiko. Mwenye timu aliihamishia Baltimore."

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Baudouin iliishia pale mezani. Masikio yalimwaka kwa aibu. Mama aliendelea, na ilionekana hasemi tena na faili. Mechi ya mwisho nyumbani, Desemba tisini na tano, mashabiki waling'oa viti vya uwanja. Baba yake alirudi na kimoja, akakiweka sebuleni, na mpaka leo Jumapili hukikalia mbele ya televisheni iliyozimwa. Lakini mji uligoma mpaka ukaachiwa jina, rangi na historia. Mwakani itaundwa timu mpya, chini ya jina lile lile.

"Sasa niambie wewe," akasema.

Baudouin angeweza kulaumu kitabu. Alijua maneno ya kutumia, saluni ilimfundisha. Badala yake alitazama mikono yake.

"Ile ya Jumapili, ya siku za Mungu, ni mi mwenyewe niliitia, Madame. Huguette haandike tena. Miezi munane. Sijue kama angali ananitaka."

Mama alimpa kalamu, akamwambia afute yote yasiyo yake. Yalibaki mistari minne: jina lake, jina la mke, siku ya ndoa, siku ya kupotezana. Ndipo alipofungua faili la pili, la Huguette, akatoa bahasha tatu na kuzipanga mbele yake. Mbili zilikuwa na anwani ya Umbilo, moja ya Jacobs. Zote zilipigwa muhuri wa kurudishwa: mpokeaji amehama.

"Alizipeleka kwenye ofisi yetu kule, ziwe ushahidi kwamba anakutafuta," alisema. "Aliyehama ni wewe."

Baudouin alilia, bila kujificha. Miezi minane amemlaumu mwanamke aliyekaa pale pale, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akibeba godoro. Mama alimngoja amalize. Kisha akaandika kwamba mwombaji alitia uongo na akaufuta mwenyewe, na kwamba faili linaendelea. Jibu litakuja kwa posta. Aandike anwani ya mahali atakapokuwepo.

Aliandika ile ya Glenwood.

Jumamosi rafiki yake alifika na bakkie, kigari cha mizigo, kumhamishia Jacobs, akakuta godoro limetandikwa. Baudouin alimwomba nyundo tu. Akapigilia kibao mlangoni, jina lake kwa herufi kubwa na la Huguette chini yake, kisha akagonga kwa Mildred kumwuliza mtu wa posta hupita saa ngapi.