Wimbo Uliorudiwa kwa Ajili ya Kaeso

Siku ya sherehe ya Mungu Mwema, mungu wa kike ambaye ibada yake haionwi na mwanamume, wanaume wa nyumba ya Titinius walianza kutolewa jua likiwa bado juu. Watumwa walitoka, mbwa dume akavutwa kwa kamba, na jogoo akabebwa kikapuni akipiga kelele kama mtu aliyeonewa. Hata sura za nta za mababu, kwa kuwa nazo ni za kiume, zilifunikwa shuka.

"Mimi, hakimu mkuu wa Roma," alisema Titinius mlangoni, "nafukuzwa kwangu pamoja na jogoo."

"Jogoo hakulalamika kama wewe, mume wangu," alijibu mkewe, Sertoria.

Alicheka, ila mikono yake haikutaka kumwachia mtoto. Kaeso alikuwa na miezi mitatu tu, lakini alikuwa wa kiume, na Mungu Mwema hakuangalia umri. Ilibidi alale jirani, kwa baba yake mdogo. Tatizo ni kwamba hakujua ziwa jingine ila la mama yake. Yaya walioletwa kumjaribu wote aliwageuzia uso.

"Nilikwambia mapema," alisema Numisia, mama mkwe wake, huku akipanga maua. "Wake wa wakubwa hawanyonyeshi. Sasa utajigawa vipi?"

"Nimemshibisha, mama. Atalala."

"Huyo? Amerithi kwa baba yake. Titinius alinikeshesha mwaka mzima."

Sertoria alikuwa bado kijana, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuandaa sherehe hii. Wimbo mkuu unapokwisha, mama mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayemmiminia Mungu Mwema divai kwa niaba ya Roma yote. Asingekuwepo, ibada ingekuwa imeharibika. Ingebidi ianze upya nyumbani kwa mwingine, na jina la mumewe lingetafunwa sokoni mwaka mzima.

Jua lilipozama wanawake walifika, wamevaa mashada ya majani ya mzabibu, wakicheka hata kabla ya kuketi. Minatia, mkubwa wa mabikira wanaotunza moto mtakatifu wa mji, alikaa mbele. Filimbi zikaanza, na wimbo ukapanda.

Walikuwa katikati yake kilio kilipokuja juu ya ukuta wa bustani.

Kila mmoja alikisikia. Sertoria aliendelea kuimba, lakini maziwa hayakungoja ruhusa, na kifua cha gauni lake kikalowa. Alimtazama mama mkwe wake, akitarajia kukaripiwa.

Numisia alivua mtandio wake, akamfunika nao mabegani.

"Nenda," alimnong'oneza.

"Na wimbo, mama?"

"Wimbo ni wetu. Wewe nenda kwa mwanangu."

"Kwa mwanao au kwa mjukuu wako?"

"Kwa anayelia zaidi. Toka hapa."

Minatia hakugeuka. Aliinua mkono tu, na wimbo ulipokaribia mwisho, akaurudisha kwenye ubeti wa kwanza, kama kwamba ndivyo ulivyoimbwa tangu zamani. Wanawake wote wakamfuata.

Nje, Titinius alikuwa akizungukazunguka mbele ya mlango wa ndugu yake, mtoto amemfunga kwenye joho. Waheshimiwa wawili wa baraza la wazee walikuwa wakimchezea Kaeso njuga, mmoja akikunja uso kama nyani.

"Tumejaribu kila kitu," alisema Titinius. "Shemeji yako hata amemwimbia."

"Ndiyo maana analia," alisema Sertoria, akaketi kizingitini.

Kaeso alinyonya bila haraka, ngumi yake imeshika mtandio wa bibi yake. Ndani wimbo ulifika mwisho ukaanza tena. Ukaanza tena. Sauti zilianza kukwaruza, na mtu fulani alicheka katikati ya ubeti, lakini hakuna aliyeacha. Sertoria alisikia hayo, machozi yakamtoka, na alikuwa akitabasamu.

Mtoto aliposinzia, alimkabidhi kwa baba yake, akakimbia kurudi kwenye ibada.

Aliyetoka nje anapaswa kunawa kabla ya kugusa chombo kitakatifu. Minatia, ambaye hakimu na jemadari humpisha njiani, alishika mtungi mwenyewe akammwagia maji mikononi. Numisia akamfuta kwa pindo la nguo yake.

"Ameshiba?" aliuliza Numisia, sauti imemkauka kwa kuimba.

"Ameshiba, mama."

Minatia akashusha mkono, na wimbo ukaisha. Sertoria alishika chombo, akamimina, na divai ikatoka taratibu mpaka tone la mwisho. Wanawake wakapiga vigelegele, vingi vikakatikia kooni.

"Sasa tunywe," alisema Minatia, "kabla hajaamka."