Manyoya Kwenye Zulia la Mama Valence

Muhsini, mwenye duka, aliiingiza ile mashine sebuleni kwa Mama Valence Jumamosi asubuhi, umeme ukiwa umerudi, akaisimamisha katikati ya zulia kama mtu anayetambulisha mchumba. Ilikuwa mashine ya kufyonza vumbi, ya kusimama wima, yenye mpini mrefu na mfuko wa kitambaa mgongoni. Ilitoka Dubai. Miaka ile ya ruksa kila kitu kilitoka Dubai, na maduka ya Majengo, hapa Songea, ambayo zamani yaliuza viberiti na subira, sasa yalikuwa na feni za mezani na birika zinazopiga mluzi.

"Shikamoo mama," alisema Muhsini. "Hii ni maalumu kwa nyumba zenye wanyama. Kaa nayo wiki nzima. Ukiridhika, waambie wenzio wa jumuiya."

Mama Valence, jina lake la ubatizo Walburga, alikuwa mwalimu mstaafu na hakuwa mtu wa kuridhika upesi. Sokoni alitaka nyanya zake zipimwe upya kwenye mizani ya jirani, na padre akihubiri alifuatilia mistari kwenye Biblia yake mwenyewe, asije akawa ameongeza kitu. Muhsini alipotaka kumwaga majivu ili aonyeshe uwezo wa mashine, alimzuia.

"Majivu hata ufagio unayaweza. Mimi nina mbwa."

Akamwita Kaiza, mbwa wa manyoya marefu meusi aliyeachwa na mhandisi wa barabara aliyerudi kwao. Akamchana juu ya zulia, kisha akawachana paka wake weupe, ambao hawakupenda. Akayakanyaga manyoya kwa kisigino hadi yakazama. Muhsini akawasha. Mashine ikanguruma, ikaenda, ikarudi, zulia likabaki safi. Mama Valence akaufungua mfuko juu ya gazeti. Manyoya meusi yalikuwemo. Meupe yalikuwemo. Yalikuwemo pia mengine mekundu, mafupi na magumu, kama ya mbwa wa kienyeji.

"Hii ni mtumba," alisema. "Imeshafagia nyumba ya mtu."

"Wallahi mama, nimeitoa kwenye nailoni mbele ya macho yako."

Kweli alikuwa ameitoa kwenye nailoni. Mama Valence hakubishana naye, ila hakumwamini.

Siku zilizofuata aliisimamia ile mashine kama mwanafunzi anayeshukiwa kuibia mtihani. Aliufua mfuko. Alimfungia Kaiza nje. Alifunga madirisha. Kila alipoipitisha, manyoya mekundu yalitoka mengi kuliko jana, na yalitoka mahali pamoja, katikati ya zulia, chini kabisa kwenye mashina ya nyuzi. Akawa anayaweka kwenye karai barazani. Karai lilipojaa, alasiri moja yalijikusanya, yakasimama kwa miguu minne, yakajitikisa, yakawa mbwa mwekundu mwenye sikio moja lililochanika. Mbwa akaenda kunywa maji ya Kaiza. Kaiza akamnusa, akampisha.

Mama Valence alimtambua. Sikio lile alilijua kila aliyewahi kufika ghala la ushirika kuchukua mbolea. Alikuwa mbwa wa mzee Daimu, mlinzi. Mwaka juzi mbolea ya wakulima ilitoweka ghalani, Daimu akatoweka nayo, na mji mzima ukajua kwamba ameivusha mto Ruvuma kwenda kuiuza Msumbiji, mbwa wake akimfuata nyuma. Aliyeueleza mji hivyo alikuwa meneja wa ghala, bwana Fulgence, mume wa Mama Valence. Haukupita muda ushirika ukafa. Samani za ofisi zikagawanwa, Fulgence akaja nyumbani na zulia hili, na baada ya zulia likaja lori.

Fulgence aliporudi jioni alimkuta yule mbwa amelala mlangoni. Alisimama kidogo, akamzunguka kwa mbali, akaingia kunawa mikono.

"Mashine ni nzuri," alisema mezani. "Tuichukue."

"Baba Valence, hili zulia ulilikuta limetandikwa au limekunjwa?"

Fulgence akamega ugali. "Mama Valence, unaipima mashine au unanipima mimi?"

"Naipima mashine."

"Basi pima mashine."

Kesho yake Mama Valence alimpeleka mbwa Msamala kwa Mwanaisha, mke wa Daimu, aliyekuwa akikaanga vitumbua mbele ya chumba chake cha kupanga. Tangu mumewe aitwe mwizi, wanunuzi wake walikuwa wapita njia tu; majirani walikwenda kununua mbali. Mbwa akajilaza nje ya kizingiti bila kukivuka, kama Daimu alivyomfundisha. Mwanaisha akamaliza kwanza kugeuza vitumbua visiungue.

"Katoka wapi?"

"Kwenye zulia langu."

"Huyu hakuwahi kuachana na mume wangu, hata akienda chooni." Mwanaisha akafuta mikono kwenye kanga. "Hicho kilichomtoa, unacho bado?"

"Ninacho. Ni mashine ya dukani, natakiwa kuirudisha."

"Usiirudishe, dada yangu. Endelea kufyonza."

Mama Valence alirudi na moyo mzito. Njiani alijiambia kwamba anaweza kuirudisha leo hii, aseme inakula umeme, na nyumba yake ibaki nyumba. Alifika, akavua viatu, akachomeka waya ukutani. Mashine ikavuta nywele fupi zenye mvi, nyuzi za kaki, chembe za ugoro. Ikawa nzito mpaka akaisukuma kwa mikono miwili. Akaumwaga mfuko barazani, akaenda kuchemsha chai, na alipotoka na birika, mzee Daimu alikuwa ameketi kwenye benchi na koti lake la kaki, anafunga kamba za buti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Alikohoa vumbi. "Mbwa wangu yuko wapi?"

"Yuko Msamala, kwa Mwanaisha."

"Alhamdulillahi." Akapokea kikombe kwa mikono miwili. "Baba Valence alikuja ghalani na gari. Nikamwambia, funguo sitoi bila kamati. Akasema, sawa mzee, hebu nichukulie taa hapo nyuma yako." Akanywa. "Nikageuka."

Mama Valence akakaa upande wa pili wa benchi. Maisha yake yote alikuwa ametilia shaka mizani, maziwa na mahubiri, na hakuwahi hata siku moja kuinua pembe ya zulia lake.

Wakampitia Mwanaisha, wakaenda wote kituoni. Afande aliwatafutia viti, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, unasema uliuawa."

"Ndiyo, afande."

"Lakini uko hapa, unaongea, umevaa buti. Mtu aliye hai hawezi kufungua kesi ya kuuawa. Hakimu ataniuliza marehemu yuko wapi, nimwonyeshe nani?"

Mama Valence akasema yeye ni shahidi, na zulia lipo sebuleni.

"Mama, zulia ni mali ya nyumba, na mwenye nyumba ni mzee wako." Afande akasimama, akachukua pingu ukutani. "Ila kesi ya mbolea tunayo. Ilikuwa inamsubiri mshitakiwa. Leo kapatikana."

Daimu akanyoosha mikono. Mwanaisha akamfungia kifungo cha juu cha koti, kwa kuwa palikuwa na ubaridi.

Mahakamani Fulgence alitoa ushahidi kwa sauti ya masikitiko, na hakimu akamshukuru. Siku za kuona wafungwa Mwanaisha humpelekea mumewe vitumbua, na mbwa hujilaza nje ya lango. Askari magereza wanalalamika kwamba chumba cha yule mzee hata kikifagiliwa namna gani hakiishi vumbi.

Muhsini alikuja kutaka jibu. "Vipi mama, mashine ina kasoro?"

"Haina."

"Kwa hiyo niwaambie watu?"

"Waambie."

Akawaambia. Kabla mzigo wake mpya haujafika Majengo, mabwana kadhaa waliowahi kushika ofisi hapa mjini walifikia uamuzi mmoja, kila mtu kivyake: mazulia yanaleta pumu kwa watoto. Wakayachoma nyuma ya nyumba zao, moshi ukafika mpaka Mshangano. Muhsini hakuuza mashine nyingine hata moja. Mpaka leo anaamini kwamba watu wa Songea wanapenda tu sakafu ya saruji.

Fulgence hakulichoma lake. Kesi ilikuwa imekwisha. Mama Valence alihamishia nguo zake chumba cha Valence, ambaye yuko Dar es Salaam, wala mumewe hakuuliza. Kila jioni, wakati wa taarifa ya habari, huwasha mashine na kuipitisha sebule nzima, kisha huufungua mfuko na kuuchungulia. Akifika kwenye kiti cha mumewe, Fulgence huinua miguu yote miwili bila kuacha kusikiliza redio, na mashine ikishapita, huishusha miguu palepale.