Kaya Kumi na Nne za Mboje

Jumatatu saa kumi jioni, Specioza alikuwa akichambua mchele uani kwake Bariadi wakati mwanawe Mboje alipotuma maombi ya nafasi ya uzamivu katika chuo kikuu cha teknolojia. Aliambatisha utafiti wake wa uzamili: umbali wa maji kwa kaya sitini za Meatu. Robo saa baadaye geti liligongwa. Wakaingia watu kumi na wanne, kila mmoja na madumu mawili matupu.

“Mwadila, mayu,” mwanamke aliyetangulia alimsalimu mama kwa Kisukuma. “Mimi ni kaya namba arobaini na saba.”

Specioza aliitikia, akawatandikia mkeka. Aliwajua. Mwaka juzi Mboje alifika kaya arobaini na sita, mvua ikakata barabara, akarudi nyumbani kuwajaza waliobaki kwa kubuni, kwenye meza ya sebuleni, akibadilisha kalamu nyeusi na ya bluu. Specioza ana diploma ya kilimo, dodoso analijua. Siku ile alimpelekea chai na kalamu ya tatu.

Wageni walikuwa kama walivyojazwa. Tisa wa kwanza walikuwa na majina na umri. Watano wa mwisho, ambao Mboje aliwajaza akiwa amechoka, walikuwa na sura moja na shati moja. Wote walikula mlo mmoja kwa siku, wakalala barazani. Alfajiri walibeba madumu wakatoka.

“Bomba hilo hapo,” Specioza aliwaambia.

“Tumeandikwa kilomita saba, mayu.”

Wiki ya tatu profesa wa chuo kile alimpigia Mboje simu. Jopo lilitaka kuzungumza na mhojiwa mmoja, yeyote. Mboje alimwangalia mama yake.

“Usiniangalie mimi,” alisema Specioza. “Si hao hapo uani?”

Namba arobaini na saba alishika simu kwa mikono miwili. Kilomita saba. Madumu mawili. Mlo mmoja. Profesa alisema hajawahi kupata mhojiwa ambaye majibu yake hayabadiliki hata kidogo. Mwanamke akamrudishia Specioza simu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

“Haloo? Na wewe ni nani?”

“Mama yake Mboje.”

Mboje alikuwa amesimama mlangoni, anakwaruza rangi ya fremu kwa ukucha.

“Hongera, mama. Umelea.”

“Asante,” alisema Specioza.

Nafasi ilitoka. Kanisani walitangaza, akina mama wakapiga vigelegele, na Specioza alisimama alipoambiwa asimame, akiangalia viatu vyake. Mboje aliondoka na basi la asubuhi. Chuo kilichimba kisima cha kwanza cha majaribio mahali ramani ya utafiti wa Mboje ilipoonyesha kaya kumi na nne, kwenye mbuga isiyo na nyumba hata moja. Ng'ambo ya mto, kwa watu ambao Mboje hakuwafikia barabara ilipokatika, wanawake bado wanafukua mchanga kutafuta maji.

Wageni hawakuondoka. Specioza alinunua sufuria kubwa zaidi.

Jioni moja, Specioza akisonga ugali, namba arobaini na saba alimuuliza, “Mayu, kijana wako atakuja lini kutuhoji?”

“Mlishahojiwa,” alisema Specioza, bila kugeuka.

Mwanamke aliitikia kwa adabu. Kulipokucha alichukua madumu yake mawili, akapita kando ya bomba, akafungua geti.